Boksi Moja, Wapangaji Wanne

Kaka yangu mpendwa,

Niungame kwanza, salamu zitanisubiri mlangoni. Najua barua haianzi hivi, na mwalimu wetu wa lugha angenikata alama, lakini najijua: nikianza na salamu nitajificha humo humo mpaka karatasi iishe. Kwa hiyo hili hapa, na hakuna mtu mwingine ninayemwambia yote. Vipimo vya wateja wa mama, vya miaka kumi na minne, vimepotea. Vimepotea pamoja na vya wale wauguzi ishirini na sita ambao nguo zao anaanza kuzikata kesho Jumatatu. Nimevipoteza mimi. Na kwa wiki tatu sasa, mama akiniuliza kipimo, namjibu.

Haya. Shikamoo, Kaka. Habari za huko kambini? Mguu ulioteleza ngazini umepona, au unajikaza tu ili msimamizi asikupangie kazi ya kuhesabu misumari? Bado mnalala sita kwenye hema moja na yule mwenzenu anayekoroma kama jenereta? Sisi huku ni wazima. Baba mwezi huu yuko zamu ya mchana kule kiwanda cha sabuni, mpaka siku za Jumapili, kwa hiyo tunanusa koti lake kuliko tunavyomwona yeye. Mama anakusalimu. Yaani, angekusalimu kama angejua naandika.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Unamjua mama: simu yako ikiingia anaiweka spika, anaisimamisha juu ya cherehani, na kila mteja aliyekuja kujaribu nguo anakuuliza utaoa lini. Pale mimi hata habari za mvua zinanikwama kooni. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama mdomo.

Nilikudokezea mara moja kwamba nina kompyuta. Sikukwambia ni ya namna gani wala niliipataje. Unamkumbuka Fundi wa pale kona ya duka la rangi, uliyembandika jina la Profesa Waya? Mwaka jana mama alinituma kwake kutengeneza tundu la kuchajia simu. Nikamkuta ameinamia kompyuta, kidevu mkononi, anatazama maandishi meupe kwenye kioo cheusi kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Mikono yake inajua kila waya, lakini yale maandishi hutoka kwa lugha ya shule, na lugha ya shule humpiga chenga. Mimi nikanong'ona kwamba mashine inalalamika haioni diski. Akageuka, akasema nirudie, mbona naongea kama naiba? Nikarudia. Akafungua boksi, akachomoa waya mmoja, akaupuliza, akauchomeka tena, na mashine ikawaka. Akanitazama, akasema kumbe miaka yote hii alikuwa anatibu mgonjwa bila kumwuliza panapouma.

Tukapatana hapo hapo. Kila Jumamosi ningemsomea malalamiko ya mashine, na yeye angenilipa kwa vifaa. Ofisi nyingi humletea kompyuta zilizochoka, anazichinja na kuuza nyama yake kipande kipande. Maneno yake hayo, si yangu. Ya kwangu ilitoka ofisi ya bima. Haikuwa na ubavu mmoja, ikakosa na mguu, na feni yake iliunguruma kama nyuki ndani ya kopo. Wiki ya kwanza nilipata boksi tupu. Zilizofuata nikapata vibao vya memori, kimoja kimoja, mpaka vikafika vinne. Mwisho akanipa diski kubwa iliyotumika, akanionya kwamba diski ile imefanya kazi miaka mingi kuliko alivyofanya kazi yeye, nisiiegemee sana. Kebo ya mtandao niliokota, vichwa vyake nikabana mwenyewe. Mama akaniazima miguu ya chuma ya ile cherehani iliyokufa, nikaiweka stoo nyuma ya chumba cha kushonea, nikaketisha juu yake kompyuta yangu, ambayo sasa naiita seva. Pedali bado ipo. Nikifikiri sana, naikanyaga.

Sasa nikueleze kilichonifanya nikose usingizi, Kaka, ingawa sijui kama nitaweza. Kuna programu inayoigeuza kompyuta moja kuwa mwenye nyumba. Inachukua memori yote na diski yote, inazigawa vyumba, kisha inapangisha. Kila mpangaji ni kompyuta kamili: ana diski yake, ana memori yake, ana namba yake ya mtandao. Lakini hana mwili. Ukipapasa ndani ya boksi humpati. Wataalamu wanaziita mashine pepe.

Siku niliyoamsha wa kwanza ilikuwa Jumapili mchana kama leo. Kwenye kioo kikafunguka kidirisha, na ndani ya kidirisha kompyuta nyingine ikaanza kuamka, tangu mwanzo kabisa, ikahesabu memori yake, ikatafuta diski yake, kisha ikaniuliza inaitwa nani na leo ni tarehe ngapi. Nilikaa sakafuni. Haikujua kwamba iko ndani ya nyingine. Ilidhani iko peke yake duniani, na kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza kusema nayo. Mimi, ambaye darasani hata mahudhurio naitika kwa kidole!

Niliwaamsha wanne. Mlinzi alikaa mlangoni kuchuja yanayoingia na kutoka kwenye mtandao. Karani alitunza majedwali. Wa tatu nilimwita Mwanafunzi, kwa sababu kila nilichosoma nilikijaribu kwake. Wa nne aliitwa Mtundu, na kazi yake ilikuwa kuharibiwa. Unaona, mwenye nyumba anaweza kumpiga mpangaji picha, si ya sura bali ya hali yake yote kama ilivyo dakika hiyo, na baadaye ukaamuru arudi kwenye picha. Nilimpiga Mtundu picha, kisha nikamfutia faili zote, moja baada ya nyingine, mpaka akanyamaza katikati ya neno. Nikaamuru arudi. Chai haijachemka, Mtundu huyo, anauliza nikusaidie nini. Nilimuua mara kumi na moja mchana ule. Mara ya kumi na mbili mlimuua ninyi, watu wa nguzo za umeme, mlipoukata mtaa mzima, na bado akarudi. Nilicheka peke yangu stoo hadi mama akaja kuona nani kanitekenya.

Nikamweleza. Ulimi ulikuwa mzito, lakini nikamweleza, wapangaji, mwenye nyumba na picha. Aliweka kiganja juu ya boksi kama anavyopima homa ya mtoto. Akauliza kama hao wanne wanajuana. Nikasema wanajuana pale tu ninapowachorea njia. Akauliza kama wanagombana. Nikasema wanagombania memori. Akasema basi kweli hiyo ni nyumba ya kupanga. Mkono bado juu ya boksi, akauliza, polepole, kama huyo Karani anaweza kumtunzia daftari lake la vipimo.

Kaka, nilisema ndiyo kabla hajafunga mdomo. Nadhani ndilo neno nililowahi kulisema kwa sauti kubwa kuliko yote.

Yalikuwa madaftari saba, si moja. Nilikaa jioni kumi na moja nikiyaingiza, na nilikuwa nasoma zaidi ya nilivyoandika. Hujawahi kuyafungua yale madaftari? Humo kuna watu wanaokua. Kuna msichana anaanza na kifua cha inchi ishirini na mbili, unafungua kurasa, unafungua daftari jingine, anakuja kushonewa gauni la harusi, miezi sita baadaye kiuno kimeongezeka inchi nane na mama ameandika pembeni: acha nafasi. Kuna mzee mmoja anapungua inchi moja kila mwaka, kisha ukurasa wake unaishia. Mama hakuandika neno lolote pale. Aliacha mstari mmoja mtupu.

Nilipomaliza, nikamwambia mama mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba madaftari hayana kazi tena. Unajua mama hatupi kitu. Aliyakata yakawa karatasi za kuchorea shingo na mikono. Leo ukiingia chumba cha kushonea utaona shingo za duara zimetundikwa msumarini, na kwenye kila shingo nusu ya namba za mtu.

Halafu ikaja kazi ya zahanati. Wauguzi ishirini na sita, sare mpya, zivaliwe siku wodi mpya ya watoto itakapofunguliwa, Ijumaa hii inayokuja. Mama hajawahi kupata kazi kubwa hivyo. Alinunua chaki mpya, eti ya zamani imezoea vibaya. Tulikwenda siku mbili, yeye na futi kamba, mimi na ile laptopu ya Fundi iliyopasuka kioo, nimeketi nyuma ya pazia kwa aibu. Yeye anaita namba kama mnada, mimi napiga herufi, na Karani kule nyumbani anapokea. Muuguzi mkuu alimwomba mama aandike kiuno thelathini na sita, akaahidi atapungua. Mama akamjibu kwamba zamani angemwandikia, ila siku hizi kuna kompyuta, na kompyuta haina undugu na mtu. Wakacheka wodi nzima. Hatukuandika popote pengine, hata kwenye kiganja.

Wiki moja baadaye, siku ya Alhamisi, nilirudi kutoka shule nikaikuta seva inagonga. Tik, tik, tik, kama kijiko ndani ya kikombe. Kioo kikasema hakioni diski. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.

Nikaizima, nikachomoa diski, nikaikimbiza kwa Fundi, nimeikumbatia ndani ya sweta. Akaiweka sikioni, akafumba macho, akaniuliza nakala iko wapi. Nikamwambia kwa ushujaa kwamba nakala zipo, kila jioni nilikuwa nampiga Karani picha. Akaniuliza picha nimeziweka wapi. Nikafungua mdomo, Kaka, na hapo ndipo nikasikia jibu langu mwenyewe. Picha zote zilikuwa kwenye diski hiyo hiyo. Nilikuwa nimesoma kabisa kwamba picha si nakala, niliisoma kwa lugha ya shule, nikaielewa, nikapata hata alama kichwani mwangu. Lakini Mtundu alikuwa amefufuka mara kumi na mbili, na mimi nikaamini kwamba hakuna kitu kinachokufa ndani ya lile boksi. Fundi hakunicheka. Alisema nimefungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba. Alijaribu siku mbili. Aliiweka hata kwenye baridi, akaigeuza chini juu, akaisemesha. Jumamosi akanirudishia, akasema pole, binti, hii imeondoka na mizigo yake.

Jioni ile ya Alhamisi, hata kabla jasho halijakauka, mama aliniita akitaka vipimo vya mke wa mwashi. Nikaingia stoo. Nikahesabu mpaka ishirini. Nikatoka, nikasema mashine inaamka polepole leo, kwani yeye anakumbukaje? Mama alikuwa na pini mdomoni. Akasema bila kuinua macho: kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na sita, nyonga arobaini na sita, bega la kushoto limeshuka robo inchi. Nikasema ndiyo, hivyo hivyo. Akakata. Nguo ikamkaa mke wa mwashi kama imemwota.

Kesho yake akauliza vya mtu mwingine, nikafanya vile vile. Nikashika daftari la hisabati na kuandika kwa nyuma kila alichosema. Wiki ya pili nikaanza kumchokoza kwa makusudi: mama, yule mama wa mikate kiuno chake kimeongezeka? Mama, yule mwalimu mfupi ana mkono wa inchi ngapi? Naye anajibu, mguu kwenye pedali, kitambaa kinakwenda. Wakati mwingine aliongeza na vya mtu ambaye sikumwulizia. Alisema na dada yake je, nisije nikamsahau, ana kifua thelathini na nane. Wakati mwingine alirudia namba mara mbili. Nina watu sitini na watatu sasa nyuma ya hisabati. Nililia stoo mara moja tu, na si kwa huzuni. Nilikuwa nimehangaika miezi mitano, memori kibao kwa kibao, kujenga kitu cha kubeba watu wale, na kumbe walikuwa wameketi kichwani mwa mama muda wote, kila mmoja na bega lake, na yeye anapika, anadai, anaimba, wala hapati joto.

Lakini wauguzi hawamo. Aliwapima mara moja tu, mbio mbio, namba zikipita mdomoni kuja kwangu. Mwenyewe alishaniambia, akicheka, kwamba wale hawajui, wale wako kwangu.

Jana vitambaa vilifika, majora mawili ya rangi ya bluu. Mama alitandika jora la kwanza juu ya meza, akalilaza kwa viganja vyote viwili, akaniambia tujaribu mmoja, nimpe yule muuguzi mrefu aliyekuwa dirishani. Nikaingia stoo. Nikahesabu mpaka ishirini, nikaendelea hadi hamsini. Nikatoka na ule ule ujinga wangu: mashine nzito, mama, wewe unakumbukaje?

Mama alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. Alinitazama. Kisha akasema, taratibu kabisa: kifua thelathini na moja, kiuno ishirini na tano, nyonga thelathini na tano, bega kumi na nne, mkono ishirini na mbili, urefu thelathini na tisa. Nikasema ndiyo, mama, hivyo hivyo. Akasema haya, ahsante. Akalikunja lile jora. Akasema mikono imechoka, tutakata Jumatatu. Kaka, umewahi kumwona mama akikunja kitambaa ambacho hajakikata?

Leo nilikaa kukuandikia ili nikuulize nifanye nini. Nilitaka nikunakilie zile namba, uone nilivyoshuka. Nilipofika kwenye bega, kalamu ikasimama. Bega kumi na nne? Yule muuguzi wa dirishani ana mabega ya kubeba kitanda. Niliziangalia tena. Sijui ni nini kilichoninyanyua. Nilitungua sare yangu ya shule msumarini, ile mama aliyonishonea mwanzo wa mwaka, nikaitandaza kitandani, nikachukua futi kamba. Sare mama huziachia inchi mbili za kupumulia, kwa hiyo nikazitoa. Kifua thelathini na moja. Kiuno ishirini na tano. Bega kumi na nne. Nilipofika kwenye urefu niliikunja futi kamba, sikuhitaji kupima tena.

Ni mimi, Kaka. Alinipa mimi. Alisoma mwili wangu mbele yangu, inchi kwa inchi, na mimi nikamtazama machoni nikasema ndiyo, huyo ndiye muuguzi mrefu.

Anajua. Na sasa nikifikiri, anajua tangu ile Alhamisi. Mama yule ambaye akiwa jikoni husikia cherehani inataka mafuta! Stoo iko nyuma ya kiti chake. Ile feni iliunguruma miezi mitano, kisha ikanyamaza, na mimi nimekuwa nikiingia kwenye ukimya ule na kutoka nikisema mashine inaamka polepole. Na yeye, badala ya kunishika sikio, akanipa watu sitini na watatu. Alizirudia namba kwa sababu alikuwa ananisubiri nimalize kuandika. Alikuwa ananisomea imla, Kaka. Jana amenifikisha mwisho wa anachokijua, akakunja kitambaa, akaniachia Jumapili nzima.

Kwa hiyo sikuulizi tena nifanye nini. Zamu za zahanati hubadilishana saa moja asubuhi. Wanaotoka na wanaoingia wote huwa pale kwa nusu saa. Nitaomba ruhusa ya kuchelewa shule. Nitasimama mlangoni na futi kamba mimi mwenyewe, niwaombe radhi mmoja mmoja, wote ishirini na sita, na kama sauti haitatoka nitaisukuma. Nitaandika kwenye karatasi. Kisha Fundi akinipa diski nyingine nitamwamsha Karani upya, na nakala moja itakaa kwa Fundi, na nyingine nitakutumia wewe huko huko porini, uilalie. Lakini kabla ya zahanati kuna mlango mmoja wa karibu zaidi.

Nisalimie wenzako wote wa hema, na yule jenereta mwambie namwombea mapafu. Dereva wenu akipita kesho atakuletea hii. Jitunze ngazini, na ule kabla ya kupanda, si baada.

Nasikia ndala za mama ukumbini. Tangu asubuhi amepita mara nne, na mara zote nne nimesukumia barua hii chini ya atlasi na kujifanya natafuta mito. Sasa amesimama hapo nje. Ananiuliza kama naweza kumfungulia, mikono yake imejaa. Karatasi naiacha mezani, maandishi juu, na hilo daftari la hisabati kando yake.

Nakwenda kufungua.

Mdogo wako akupendaye,
Sisimizi